Tressa na Boksi la Risasi Nyepesi

Kila siku baada ya shule, Tressa alikuwa na kazi tatu: kuwalisha kuku, kuingiza kuni ndani, na kupiga karatasi kwa risasi. Hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote, ingawa ilimwachia bega jekundu. Yeye na mama yake, Bi Lorna, waliteremka hadi kwenye shimo la kokoto nje ya mji wa Clayburn, wakabandika karatasi yenye duara kwenye ubao, kisha wakarudi nyuma na kulala kifudifudi.

"Shusha pumzi, kisha bonyeza taratibu," mama alimwambia.

Kiangazi kizima walijaribu risasi za kila aina kwenye bunduki ya marehemu bibi. Nyingine zilitawanya matundu ovyo kwenye karatasi. Mwishowe wakachagua moja, nzito, ya shaba tupu. Haikuwa na kasi ya kutisha, lakini haivunjiki. Mama alimweleza kwamba elki ni kulungu wa milimani, mkubwa karibu na ng'ombe, na mfupa wa bega lake si mchezo. Risasi ikipasukia hapo haifiki kwenye mapafu, na mnyama hukimbia na maumivu yake akafie mbali.

Mwaka huo Tressa alitimiza miaka kumi na miwili, akapata kibali chake cha kwanza cha kuwinda elki jike. Friza ya nyumbani ilikuwa imebaki na njegere na barafu. Wasipopata elki, wangekula maharage majira yote ya baridi, na Tressa maharage alikuwa hayataki hata kuyaona.

Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, walipanda mlimani kwenye kambi ya Mjomba Orrin, kaka yake mama. Pale kambini mjomba ndiye aliyeamua nani akae wapi, nani apike nini, na nani atoke na nani. Hawajamaliza hata kupiga hema, mjomba akamkabidhi Tressa boksi jipya la risasi.

"Zawadi yako, mpwa wangu. Mwaka huu sote tunatumia hizi. Nyepesi, na kasi yake usiseme. Hata teke lake ni dogo, halitakuumiza kibega hicho."

Tressa akaligeuza boksi, akasoma uzito ulioandikwa ubavuni.

"Asante, Mjomba. Lakini sitazitumia."

"Hutazitumia?"

"Sijazijaribu, sijui zinatua wapi. Halafu ni nyepesi mno. Zinafaa wale kulungu wadogo wa bondeni, siyo elki. Labda tujaribu moja sasa hivi kwenye karatasi."

"Tupige risasi leo, elki wote wahame? Binti, mimi nimeanza kuwinda mama yako bado ananyonya kidole."

"Na yeye ndiye aliyenifundisha."

Wade, mtoto wa mjomba, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne, alicheka ndani ya kikombe chake. Alipoona baba yake hacheki, akanyamaza.

"Basi sikiliza," mjomba alisema. "Ukitumia hizi, kesho unakwenda nasi. Ukikataa, unabaki hapa kuosha masufuria."

"Orrin, unamwonea mtoto," mama alisema.

"Kambi yangu, dada."

Tressa alihisi masikio yanamwaka. Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Akaliweka boksi juu ya meza.

"Sabuni iko wapi, Mjomba?"

Kesho yake alisugua masufuria kana kwamba hayo ndiyo yaliyomkosea. Mama alikataa kumwacha peke yake, akabaki naye akikausha. Mchana wakasikia mlio mmoja wa bunduki huko juu. Wawindaji waliporudi, theluji ilikuwa inaanguka, na Wade alikuwa ameinamisha kichwa.

"Amekosa," mjomba alisema, akitupa glavu zake. "Elki jike kasimama ubavu wazi, na mtoto wangu anakosa. Aibu gani hii?"

"Nimempiga, Baba. Nilimwona akiyumba."

"Damu iko wapi? Tumetafuta, hakuna. Umekosa. Acha visingizio."

Wade hakugusa chakula chake. Tressa akasogea karibu naye.

"Ulilenga wapi?"

"Begani. Hakuna anayeniamini."

"Mimi nakuamini," Tressa alisema. Alikwisha kumwona Wade akipiga karatasi, hakuwa mtu wa kukosa.

Asubuhi, kabla kahawa haijachemka, Tressa alikuwa amevaa kizibao chake cha rangi ya chungwa na kuchukua risasi zake za shaba.

"Safari ya wapi hiyo?" mjomba aliuliza.

"Kumtafuta elki wa Wade. Kwa risasi zangu."

"Na masufuria?"

"Yanang'aa, kayatazame. Nikirudi nitaosha mengine. Lakini kama huyo mnyama ana jeraha, Mjomba, hatangoja mimi nimalize vyombo."

Mama alikuwa tayari anafunga kamba za viatu. "Wade, twende utuonyeshe mahali."

Mjomba alinung'unika, akavaa koti, akawafuata.

Walimkuta kwenye kichaka cha misonobari, si mbali na pale Wade alipompigia. Alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, bega limevimba. Tressa alitambaa kwenye theluji hadi mahali ambapo hakuwa na shaka na shabaha yake. Akashusha pumzi, akabonyeza taratibu. Elki akapiga hatua chache, akaanguka, akatulia.

Tressa alilia kidogo, na hakuna aliyemcheka. Kisha akafunga kibali chake kwenye mguu wa mnyama kama sheria inavyotaka, na mjomba akatoa kisu cha kuchunia.

Mjomba alikuwa fundi wa kuchuna. Alifanya kazi haraka mpaka kisu kilipofika kwenye lile bega lililovimba. Hapo akasimama. Ndani ya nyama kulikuwa na shimo la damu nyeusi, pana kama kiganja, na ndani yake vipande vidogo vidogo vya risasi kama chenga za mahindi. Mfupa haukuvunjika. Risasi ya Tressa, iliyoingilia bega la pili, ilikuwa imepenya mfupa na mapafu ikatokea upande wa pili.

"Wade, njoo. Weka kidole hapa," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Ulimpiga pale pale panapotakiwa, mwanangu. Aliyekosa ni mimi."

Wade akafuta pua kwa glavu. "Nilikwambia, Baba."

"Uliniambia. Nisamehe."

Jioni, baada ya kula maini kwa vitunguu, Tressa alinyanyua sufuria kubwa kwenda kuliosha. Mjomba akampokonya na kukunja mikono ya shati.

"Hili la kwangu," alisema. "Na mnisikilize, nyote wawili. Risasi haichaguliwi kwa kasi yake, wala kwa sifa za dukani, wala kwa kuwa mjomba amesema. Chagueni inayomfaa mnyama, muijaribu kwenye karatasi kwanza, kwa sababu mkikosea anayeumia ni yeye, hana ubaya na mtu. Na mkijua sababu ya kukataa, kataeni kwa adabu na msirudi nyuma, hata aliye mbele yenu akipiga kelele. Nyama hii tutagawana nyumba mbili. Boksi lile nitalimalizia kwenye karatasi za shabaha."

Aliendelea kusugua. Wade akachungulia ndani ya sufuria.

"Baba, hapo chini bado pana uchafu."

"Najua," mjomba alisema, akarudia kusugua.