Ulimi Uliojua Visima

"Kunywa upesi, kabla hawajatoka kusali."

Mshamu alikuwa amejibanza nyuma ya dungu la kulindia mpunga la Mzee Mwinyimvua, adhuhuri ya jua kali, mkononi kashika kibuyu kidogo kama ngumi. Mwanasiti akakitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Nini hicho?"

"Dawa ya vita. Maji ya mganga wa Ngarambe, ya kugeuza risasi iwe maji. Sehemu yangu nilinywa nusu, hii nimekuwekea wewe."

"Una wazimu? Mwanamke haruhusiwi hata kukigusa."

"Risasi ya Mdachi itakuuliza kama wewe mwanamke? Kesho tukiondoka mnabaki na nani hapa? Kunywa, mchumba wangu, niende moyo umetulia."

Mwanasiti akapiga bismillahi, akanywa funda moja. Hakulimeza. Alilizungusha mdomoni, macho kayafumba, na Mshamu akajua anafanya nini, maana kijiji kizima cha Umwe kilimjua kwa jambo hilo.

Tangu ana miaka saba, ukimpa maji kwenye kata atakwambia yamechotwa wapi. Ya mtoni, upande wa kivukoni au upande wa mashamba. Ya Chumbi, yenye kutu. Wakata boriti waliwahi kumletea maji ya mikokoni, akawaambia mmeyachota bahari ikijaa, na kweli. Harusini walimfunga kitambaa machoni wakampangia kata tano, watu wakicheka. Marehemu mama yake hakuwa akicheka. Alikuwa akisema, "Mungu angekupa walau mkono wa kusuka mikeka. Ulimi huu utamlisha nani?"

Mwanasiti akameza. Uso ukamshuka.

"Mshamu, maji haya hayajaiona Ngarambe."

"Unasema nini?"

"Ni ya kisima cha Kibwana. Kile alichokizungushia mbao za mkoko. Umwe hakuna maji mengine yenye ukakasi huu. Wameweka mtama na mafuta ya mbono, basi."

Kibwana ndiye aliyetumwa Ngarambe kuleta dawa. Na Kibwana huyo, miezi mitatu nyuma, alimposa Mwanasiti akakataliwa.

"Unamsingizia kwa sababu alikuposa," Mshamu akasema.

"Kama ni kisasi angelipiza yeye. Mimi ndiye niliyemkataa."

"Kaka yangu Sadala kafa kwa kiboko kwenye shamba la pamba la akida wa Wadachi. Nimemzika kwa mikono hii. Unataka nikae nyumbani nipembue mchele?"

"Sikusema ukae. Nimesema ulichokunywa ni maji ya kuogea."

"Kibwana kaniweka mstari wa mbele. Kwa heshima ya kaka yangu."

"Kwa heshima?" Mwanasiti akamtazama sana. "Mshamu, kwa heshima?"

Mshamu akampokonya kibuyu.

"Ukilisema hili mbele za watu, Mwanasiti, uchumba wetu umeishia hapa. Umesikia?"

Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, baba yake, Mzee Mwinyimvua, alikuwa anasuka mgono wa kutegea samaki. Mwanasiti akakaa mbele yake akamweleza yote.

"Umeigusa?" baba akauliza.

"Nimeinywa, baba."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Sikiliza, mwanangu. Ukinyamaza, wakifa, watu watasema kudra. Ukisema, wakifa, watasema ni wewe. Mwanamke kaionja dawa, dawa imekufa. Hakuna atakayeuliza habari za kisima."

"Na Mshamu?"

"Mshamu ana Mungu wake."

"Na mimi nina huyo huyo, baba. Siku ya kuniuliza, nitamwambia nilikuwa najua nikanyamaza?"

Mzee aliushika mgono wake lakini hakusuka tena.

Mwanasiti alimkuta Kibwana kisimani kwake, peke yake, anajaza kibuyu kikubwa.

"Hujambo, Bwana Kibwana."

"Sijambo. Umekuja kunikataa mara ya pili?"

"Nimekuja kuuliza habari ya maji."

"Maji mengi. Lete mtungi."

"Ya kwenye kibuyu."

Kamba ikamponyoka, ndoo ya gome ikaanguka ndani ya kisima. Walisikiliza wote wawili mpaka ilipogonga maji.

"Nani kakuonjesha?"

"Ulimi wangu unaujua. Sema."

Kibwana akakaa ukingoni. Mara akaonekana mzee sana.

"Nilikwenda. Wallahi, nilikwenda mpaka Ngarambe, siku tatu kwa miguu. Kurudi, kibuyu kikapasuka Chumbi. Nikabaki na kamba mkononi. Watu thelathini na mmoja wananingoja, Mwanasiti. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia kimepasuka."

"Wangeniua."

"Kwa hiyo ukaona wafe wao. Na Mshamu kumweka mbele, nako kilipasuka kibuyu?"

Kibwana akainama. Aliponyanyua uso alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimtia Mwanasiti baridi.

"Mstari unapangika upya. Itikia posa yangu leo, Mshamu anakaa nyuma kabisa, anabeba mihogo. Atarudi hana mchubuko."

Asiseme mtu kwamba Mwanasiti hakulifikiria. Alilifikiria, tena sana.

"Na wale thelathini?"

"Wale si wachumba wako."

"Ni watoto wa watu."

"Basi sema! Na mimi nitasema umeigusa. Tuone wataanza kumfunga nani."

Baada ya alasiri wanaume walikusanyika uwanjani kwa jumbe, vichwani wamejifunga majani ya mtama, wana mikuki, pinde na magobori mawili. Mwanasiti alipita katikati yao kajitanda kaniki, akasimama.

"Ndugu zangu, dawa nimeinywa."

Uwanja mzima ukafura.

"Kaiua! Mwanamke kaiua dawa!" Huyo ni Salumu, mwenye gobori, mtu mwenye mwili wa kuangusha mnazi. "Mfungeni!"

"Mfungeni," Kibwana naye akadakia. "Nilijua ana kijicho huyu."

Watu wawili wamekwisha kumshika mikono. Mwanasiti akamtafuta Mshamu kwa macho. Mshamu alikuwa anatazama chini. Akatazama chini kwa muda ambao Mwanasiti hakuja kuusahau. Kisha akatupa mkuki wake.

"Mwacheni. Mimi ndiye niliyempa."

"Wewe?"

"Mimi. Mkitaka kufunga, nifungeni mimi kwanza. Lakini ulimi wake mnaujua nyote. Salumu, harusi ya dada yako nani aliyekuwa akicheka kupita wote? Mpimeni."

"Hatuna muda wa michezo!" Kibwana akapayuka.

Salumu akamgeukia polepole. "Mbona jasho, Bwana Kibwana?"

Salumu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchota. Wakamfunga Mwanasiti kitambaa. Safari hii hakucheka mtu.

Kata ya kwanza. "Mtoni, kivukoni."

Ya pili. "Bwawa la ng'ambo. Kuna ng'ombe kapita leo."

Ya tatu. "Kisima cha msikiti."

Ya nne. "Kisima cha Kibwana."

Ya tano aliishika kinywani mpaka watu wakaanza kuguna.

"Hii ni ile ile ya nne. Imetiwa mtama na mbono tu."

Salumu, aliyeimimina kata ya tano kutoka kibuyu cha dawa, akakaa chini mavumbini kama mtoto. Wote wakamtazama Kibwana.

"Kilipasuka Chumbi," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Mtu mmoja akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

"Tunafanyaje nini?" Salumu akajibu, bado kakaa. "Pamba tumeing'oa juzi. Askari wamekwisha kuvuka mto. Tutairudisha ardhini?"

Kumi na mmoja walifungua majani yao ya mtama wakaenda kuhamisha watoto. Waliobaki walibaki. Kibwana hakupigwa na mtu. Alikwenda mwenyewe akasimama mstari wa mbele, mahali pa Mshamu, na hakuna aliyemwondoa.

Mwanasiti akamfuata Mshamu pembeni.

"Uchumba wetu si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Leo leo."

"Basi nilikuwa mjinga wa Umwe nzima. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Utakwenda?"

"Nitakwenda. Ila sitasimama kifua wazi ningoje risasi iwe maji. Nitalala chini kama mtu mwenye akili."

Asubuhi ya pili wakasikia mlio kutoka upande wa mtoni, mlio wa mfululizo, ile bunduki waliyoiita bombom. Ulilia. Ukanyamaza. Ukalia tena. Mzee Mwinyimvua alikuwa anasoma Yasini, na kila ulipolia alipandisha sauti.

Siku ya tatu mama mmoja aliyekimbia na wanawe alileta kikaratasi cha herufi za Kiarabu. Mzee akakisoma:

"Assalaam alaykum. Niko hai, na wenzangu kumi na wawili, tulilala mferejini. Kibwana alisimama. Salumu alisimama, alisema Ngarambe haiwezi kuwa uongo hata kama kibuyu ni uongo. Wamekufa. Msikae Umwe, wanachoma maghala. Teremkeni na mto mpaka mikokoni. Nawangoja. Mshamu."

Waliteremka kwa mtumbwi siku nne. Nyuma yao moshi ulipanda Umwe, ukapanda Chumbi.

Mikokoni watu walikuwa wengi, chakula hakuna. Mjane wa Salumu alipomwona Mwanasiti anateremka mtumbwini alitema mate.

"Huyo ndiye aliyeilamba dawa yao."

Mshamu akataka kujibu. Mwanasiti akamshika mkono.

"Mwache. Mume wake amekufa."

Ijumaa ya wiki ile ile, juu ya ubao uliotandikwa matopeni, Mzee Mwinyimvua akafungisha ndoa ya binti yake. Mashahidi wawili, ubwabwa hakuna, ngoma hakuna.

"Mahari ni haki yako, mwanangu. Unataka nini?"

"Nataka siku arobaini."

"Siku za nini?" Mshamu akauliza.

"Zako. Najua utarudi kwa wenzako, siwezi kukuomba usirudi. Lakini siku arobaini usiende kokote, usishike silaha. Ukae na mimi."

Mzee akamtazama mkwewe. "Unazo?"

"Ninazo," Mshamu akasema. "Nimekubali."

Akazitoa, siku baada ya siku. Walichimba mizizi ya kula, walikula kaa, walizika watoto wa watu, walicheka mara mojamoja. Ya arobaini na moja, baada ya sala ya alfajiri, Mshamu akauchukua mkuki wake. Mwanasiti alimfungia kaa wawili wa kuchoma kwenye jani, akamsindikiza mpaka penye mtumbwi.

Hakumzuia. Mahari ilikuwa imelipwa yote.