Miaka Miwili ya Kupima Tumbo la Nzioka

Kila asubuhi Nzioka alikaa mezani na kuita chai. Mke wake, Kalondu, alimletea chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari. Alimletea pia mayai na chapati tatu zinazong'aa kwa mafuta. Nzioka aliyanyunyizia mayai chumvi kabla hata ya kuyaonja.

Akimaliza kula, alihema kama mtu aliyebeba gunia. Kisha aliingia kwenye pikapu yake kwenda soko la mbuzi la Mwingi. Soko lenyewe lilikuwa karibu sana. Kalondu akiwa jikoni aliwasikia mbuzi wakilia.

"Baba Mutiso, tembea," Kalondu alimwambia. "Mbuzi wenyewe wamekuja kwa miguu kutoka Tseikuru."

"Unataka watu waseme biashara yangu imekufa? Mtu wa gari hatembei!"

"Hata Mutie alisema hivyo hivyo."

Nzioka aliwasha gari. Mutie alikuwa kaka yake mkubwa, mnene kama yeye. Mwaka uliopita Mutie alianguka akinywa supu na marafiki. Sasa alilala kitandani kule Tseikuru, upande mmoja wa mwili umekufa. Mke wake alimlisha uji kwa kijiko.

Kalondu aliogopa. Kila alipomwona Nzioka akihema, alimwona Mutie. Kwa miaka mitatu alimwambia mume wake apunguze mwili. Kwa miaka mitatu Nzioka alicheka na kulipiga tumbo lake kama ngoma.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani Nzioka alitembea nyuma ya mbuzi siku tatu, Tseikuru mpaka Mwingi. Chakula chake kilikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, pamoja na kunde. Halafu ikaja ile njaa ya mwaka 1984, wote wakakonda. Njaa ikapita, biashara ikapanda, pikapu ikanunuliwa. Tumbo likaifuata pikapu.

Jumamosi moja mwaka 1989, Nzioka alirudi kutoka mkutano kanisani. Alikuwa anaita kabla ya kufika mlangoni.

"Kalondu! Kuja usikie! Wale watafiti wa Nairobi wamerudi na ripoti. Wale waliotupima kwa mizani. Wamepima watu mia nne kwa miaka miwili!"

"Wamepata nini?"

Nzioka akashusha sauti kama mtu mwenye siri kubwa. "Wamegundua hivi. Mtu akila mafuta mengi na sukari nyingi, na akikaa tu, ananenepa. Unene unaleta presha. Na presha inaangusha mtu. Huo ni utafiti, Kalondu! Lazima nipunguze kilo!"

Kalondu alikuwa ameshika mwiko. Mwiko ukabaki hewani.

"Hebu rudia."

Nzioka akarudia yote.

"Miaka miwili!" Kalondu alifoka. "Miaka miwili kutafuta maneno hayo? Na mimi niko hapa hapa! Si wangeniuliza? Ningewaambia kabla chai haijapoa!"

"Lakini wao wametumia mashine..."

"Na mimi nilitumia mdomo! Mdomo wangu hauna mhuri, si ndiyo?"

Alitupa mwiko, akajifunga leso, akatoka kwa hatua ndefu kuelekea kituo cha afya. Nzioka alimfuata mbio mbio, jasho likimtiririka. Kwa hofu ya mke wake, alisahau kwamba ana gari.

Muuguzi wa kituo aliitwa Rahab Wanjiro. Alitoka Kiambu, lakini alikuwa Mwingi mwaka wa kumi na moja. Yeye ndiye aliyewasaidia watafiti.

"Sista!" Kalondu aliita. "Nyinyi mnatuona wajinga? Mnapima watu miaka miwili ili mtuambie kwamba maji yanalowesha?"

"Kaa, mama," Rahab alisema. "Mimi nilikasirika kabla yako. Siku ya kwanza niliwaambia watakachopata. Wakasema, 'Sista, wewe andika tu.' Nimeshika futi nikiizungusha kwenye matumbo ya watu mpaka mikono ikauma."

Kalondu alikuja kugombana. Sasa hakujua hasira aiweke wapi.

"Lakini nikuulize," Rahab aliendelea. "Hapa Mwingi, watu wakimwona mtu mnene wanasema nini?"

"Wanasema amebarikiwa. Ana afya."

"Hilo pia kila mtu alilijua, mama. Hakuna aliyelipima. Na ni uongo. Ndiyo maana tunapima, hata yale yanayoonekana wazi."

Jasho la Nzioka lilipokauka, Rahab alimpandisha kwenye mizani, kisha akamfunga kitambaa cha mashine ya presha mkononi. Akakijaza hewa. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Mia moja tisini juu ya mia moja kumi na tano. Mzee, hii ni mbaya sana. Na kilo ni mia moja kumi na mbili."

"Lakini mimi sisikii kitu!" Nzioka alisema.

"Mutie alisikia kitu?" Kalondu aliuliza.

Nzioka alikumbuka. Siku ile Mutie alikuwa anacheka.

"Presha haikupigii kelele kwanza," Rahab alisema. "Mzee, wewe ni mtu wa mbuzi. Ukiwa Tseikuru, umshike mbuzi mgongoni, uguse mafuta matupu. Na anahema akiwa amesimama kivulini. Utamleta Mwingi kwa miguu?"

"Huyo? Simnunui! Atafia njiani."

"Utampima kwa mizani kwanza?"

"Mizani ya nini? Mkono wangu unajua."

Kalondu alidakia.

"Ya mbuzi unayajua kwa mkono! Ya mwili wako mpaka uletewe ripoti!"

"Na wewe, mama," Rahab alimgeukia. "Hayo mafuta ya chapati, nani anayamwaga?"

Kalondu alitazama mikono yake. Ukweli ulikuwa mchungu. Kila Jumapili dada ya Nzioka, Kasyoka, alikuja kuwaona. Kwanza aliangalia mashavu ya kaka yake, kisha akamwangalia Kalondu. Kwa ukoo wao, mume akikonda, aibu ni ya mke. Watu husema anamnyima chakula. Kwa hiyo mdomo wa Kalondu ulisema punguza, na mkono wake ukaongeza.

"Mimi pia ni mjinga," alisema kwa hasira. Safari hii alijikasirikia mwenyewe.

Rahab aliwapa vidonge. "Meza kila siku, mzee, hata ukijisikia mzima. Usiache bila kuniuliza. Nusu ya sahani iwe mboga. Rudia muthokoi, kunde na ndengu. Mafuta kijiko kimoja kwa sufuria. Chumvi itoke mezani, sukari itoke kwenye chai. Tembea kila siku, anza polepole, uongeze mpaka nusu saa. Na ukiona mdomo unapinda au mkono unalegea, uje saa hiyo hiyo. Usingoje kesho."

Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa vita.

"Chai gani hii?" Nzioka alinguruma. "Hii ni maji ya kuosha vyombo!"

"Basi osha vyombo nayo," Kalondu alijibu.

Sokoni wenzake walimcheka wakimwona kwa miguu. "Nzioka, umeuza gari?"

"Gari liko. Ninauza tumbo. Nani ananunua?"

Kila mwezi Rahab alimpima. Kilo zilishuka polepole. Baada ya miezi minane alikuwa na kilo tisini na saba, na presha yake ilikuwa mia moja thelathini na nane juu ya themanini na sita. Rahab alitabasamu, lakini hakumwachisha vidonge.

Tangu wiki ile ya kwanza Kasyoka alikuwa Tseikuru akisaidia kumwuguza Mutie. Jumapili moja alirudi. Alipomwona Nzioka, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Woi! Kalondu, umemfanya nini mtoto wa mama yangu? Mashavu yako wapi? Mutie amelala, na sasa huyu unammaliza kwa njaa!"

Kalondu alisimama, macho yanawaka. Lakini Nzioka alimtangulia.

"Dada, nyamaza! Mutie alianguka akiwa na mashavu."

Kasyoka alikaa kitini. Alikuwa amemwosha Mutie kwa mikono yake asubuhi ile ile kabla ya kupanda basi.

"Nani alikwambia ukonde?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ni wale watu wa Nairobi?"

Nzioka alimtazama mke wake. "Hao walikuja mwisho. Kalondu ndiye alisema. Miaka mitatu alisema, nikamcheka."

"Sema kwa nguvu," Kalondu alisema.

"Kalondu ndiye alisema!"

"Zaidi. Huko barabarani kuna watu hawajasikia."

Nzioka alipaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Kasyoka hakucheka. Aliangalia kiti alichokalia, jinsi kilivyombana kila upande.

"Hiyo mashine ya kufunga mkono," alisema, "inapima hata wanawake?"

"Kila Jumanne," Kalondu alijibu. Bado alikuwa amenuna. "Uje mapema. Tutaenda kwa miguu, na kwanza unywe chai yangu bila sukari. Ukiisema vibaya, nitakumwagia."