Sahihi za Kibamba

Jumanne, tarehe 15 Machi 1994. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, lakini wingu jeusi lilibaki limeikalia Kibamba, na baridi yake ilipenya mpaka kwenye mifupa.

Saa tatu kasorobo, Peugeot 504 nyeupe ilichomoka kwenye kiwanja cha mkutano, ikashika Barabara ya Morogoro kuelekea mjini.

Adelard, askari kanzu, aliipiga kiki pikipiki yake ya Yamaha.

Redio yake ya Motorola ikakoroma kifuani.

"Unamwona?" Ilikuwa sauti ya Mudathir, mkuu wake wa kazi.

"Namwona. Polikarpo anaendesha. Mkoba anao."

"Nataka karatasi, sitaki maiti."

"Nimekupata."

Polikarpo alikuwa karani wa mkutano. Kwa siku mbili watu wa Kibamba walikuwa wametoa maoni kuhusu kujengwa upya kwa laini ya umeme iliyoangushwa na mafuriko. Ombi lao lilikuwa moja: ipite zahanati, maana akina mama walikuwa wakizalia kwenye mwanga wa kibatari. Wakasaini karatasi za mahudhurio, wakapewa soda, wakaaga.

Hawakujua kwamba sahihi zao zingebandikwa nyuma ya ukurasa mwingine. Ukurasa huo ulisema wameridhia nyaya za shaba zing'olewe, apewe Kroll. Mgeni huyo alikuwa na meli bandarini. Kabla ya Ijumaa shaba ingekuwa baharini.

Mbezi palikuwa na tope. Peugeot ikaserereka.

Adelard akaikatia mbele. Bastola ya Browning mkononi.

"Shuka, braza."

"Mie karani tu, mzee! Natumwa!"

"Kroll yuko wapi?"

Polikarpo akatazama viatu vyake.

"Kurasini. Ananisubiri na hizo karatasi."

Saa tano Kroll alikuwa na pingu mikononi. Adelard alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha redio ikakoroma tena.

"Kazi nzuri," alisema Mudathir. "Ila wafadhili wa laini wamesikia habari ya sahihi hizo. Wameufuta mradi."

"Wote?"

"Wote. Hakuna laini. Rudi ofisini."

Hakurudi ofisini. Aligeuza pikipiki kurudi Kibamba.

Watu walikuwa wamekusanyika tena kiwanjani; habari ya sahihi zao ilishawafikia. Bi Chausiku, mkunga wa zahanati, alisogea mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umewakamata?"

"Wote wawili."

"Na umeme?"

Akawaeleza, hakuficha kitu. Mzee mmoja akapiga makofi mara moja.

"Kumbe taa zetu tumezinywa! Tena soda yenyewe ya moto!"

Watu wakacheka, kicheko kikavu kilichokatika upesi.

"Nina wanawake wanne wanaokaribia kujifungua," alisema Bi Chausiku. "Niwaambieje? Wasubiri?"

 Adelard alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye pikipiki.

"Mwanangu!" Bi Chausiku alimwita. "Usituage kwa mgongo. Sema neno, hawa wote wasikie."

Akageuka. Akavua miwani.

"Naahidi, Mungu akinisikia, na nyie mkiwa mashahidi. Kila Jumanne nitapeleka wizarani maneno yenu, yaleyale mliyoyasema, bila kupunguza hata moja. Watanifukuza, najua. Jumanne itakayofuata watanikuta mlangoni."