Alama ya Kutoa Kwenye Lango la Nne

“Sindano, lori jeupe, lango la nne. Karatasi zinasema vigae. Sisi tunasema bunduki. Una dakika sita.”

Simu ya mkuu wake ikakatika.

Sindano, jasusi wa kikosi cha kuzuia magendo, alipanda ngazi mbio hadi chumba cha mizani. Bastola ya Glock kiunoni, macho kwenye saa.

Ndani alikuwapo fundi wa programu, peke yake, na kikombe cha chai.

“Karibu, dada. Mizani ni salama. Wiki nzima king’ora hakijalia.”

“Ndicho kinachonitisha. Sogea.”

Dirishani, malori mawili tu yalikuwa mbele ya lile jeupe.

Kazi ya programu ilikuwa moja: kuchukua uzito ulioandikwa kwenye karatasi, kutoa humo uzito uliopimwa, na kufunga lango iwapo tofauti itazidi kilo hamsini. Sindano aliisoma kwenye kompyuta mstari kwa mstari.

Akaganda.

round(karatasi - mizani) > 50

“Hapa palikuwa na amri ya abs. Nani kaweka round?”

“Zote ni za hesabu, dada, zimo ndani ya lugha ya programu yenyewe. Round inaondoa desimali tu.”

“Na alama ya kutoa inaiacha. Lori likizidi karatasi kwa tani tatu, jibu ni hasi elfu tatu. Hasi haizidi hamsini hata siku moja. Lango linafunguka. Abs ingeifuta hiyo alama.”

Fundi alisimama ghafla. Mkono wake uliruka kuchomoa waya wa umeme wa kompyuta.

Sindano alimwahi. Kiwiko mbavuni. Pingu kwenye mguu wa meza.

Redio ikakoroma. “Lori liko juu ya mizani!”

“Nimesikia.”

Alifuta herufi tano, akaandika tatu. Hifadhi. Washa upya.

Duara likazunguka kwenye kioo cha kompyuta. Likazunguka tena. Chini, dereva alipiga honi.

Kisha namba ikatokea.

3400. Nyekundu.

King’ora kikapasua hewa. Dereva akakanyaga mafuta, lakini nguzo za chuma zilishachomoza ardhini. Boneti ikakunjamana. Askari wakalizingira lori.

“Masanduku arobaini ya bunduki chini ya vigae,” redio ilisema. “Dereva tunaye.”

Fundi alikuwa analia kimyakimya. “Mke wangu hajui kitu, dada. Naomba msimguse.”

“Hatutamgusa. Lakini utamweleza mwenyewe.”

Askari wawili waliingia. Sindano akawarushia ufunguo wa pingu, akavaa miwani ya jua, akatoka bila haraka.