Bendera Ikipanda, Hakuna Anayetembea

Saa kumi na mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma, kwa Mama Hortense, muuza lotoko wa Kalemie. Mulango umefungwa. Omer, mukubwa wa kundi, alilowesha kidole ndani ya ile pombe, akachora uwanja juu ya meza.

"Hapa drapo, bendera yao. Hapa biro, ofisi ya kununua dhahabu. François, karani wao, anatoka na kopo la dhahabu. Drapo inaanza kupanda. Sheria inasema nini?"

"Simama. Mikono chini," Eugène akajibu.

"Basi kopo analiweka chini. Wewe unaokota, unakata katikati ya uwanja mupaka kwenye Landrova yangu. Moteri inanguruma. Hortense anatungoja ziwani na mutumbwi. Kesho tuko Kigoma."

"Watu wataniona."

"Wote watakuona! Hata waaskari. Lakini nani atasogea? Anayesogea mbele ya drapo analala kasho, ndani ya jela." Omer akacheka. "Unaogopa macho, mwana? Macho haina mikono."

Hortense hakucheka. "Pale katikati miye sipiti."

Zamani uwanja ulikuwa na miti na viti. Wanawake walisukana pale, wazee walibishana mupaka jua linazama. Halafu waaskari wakakata miti yote, ili kila muntu aonekane. Wakafunga Barnabé kwenye nguzo, mume wa Hortense, kaka wa Eugène, mwizi kama wao. Wakaita muji muzima uje kuangalia wakimupiga risasi. Tangu siku ile watu wanapita pembeni, mabega kwenye kuta. Katikati pamebaki peupe.

"Eugène," Hortense akasema, "watoto hawana baba. Usiwanyime baba mudogo. Urudi."

"Nitarudi, shemeji."

Saa moja na nusu.

Filimbi. Bendera ikaanza kupanda. Baiskeli zikasimama. Muuza samaki akashusha beseni. François akaweka kopo kando ya kiatu chake, akanyoosha mikono.

Eugène akainama, akaokota. François akamuona. Mikono yake ikabaki palepale.

Eugène akaingia katikati.

Viatu vyake tu vilisikika. Shingo hazikugeuka, lakini macho yalimufuata, ya watoto wa masomo, ya mamaa wa soko, ya waaskari chini ya kofia. Alisikia macho kwenye ngozi kama moto wa jiko. Mahali pa ile nguzo, muntu alikuwa amesimama. Eugène hakugeuza kichwa. Alijua ile pumzi. Aliisikia utoto wake wote, kwenye mukeka mumoja na kaka yake.

"Tembea," akajiambia. "Tembea."

Mbele, Landrova ilikuwa inanguruma.

Halafu ikazimika.

Mulango ukafunguka. Omer akashuka, akasimama kando ya gari, visigino pamoja, mukono kwenye paji la uso. Macho juu, kwenye bendera.

Eugène akafika. "Papa Omer. Washa."

Midomo ya Omer haikufunguka vizuri. "Ondoka hapa."

"Washa moteri! Miye sijui kuendesha."

"Wananiangalia, Eugène. Walikuwa wanakuangalia wewe, sasa wananiangalia miye. Pita. Sikujui."

"Hunijui?"

"Sijakuona hata siku moja."

Jasho lilimutoka Omer mupaka kidevuni. Hakulipanguza. Bendera ilikuwa karibu kufika juu. Upande wa ziwa njia ilikuwa ndefu, nyeupe, bila kichaka, bila ukuta. Kukimbia pale ni kupigwa risasi mugongoni.

Eugène akainama. Akaweka kopo la dhahabu katikati ya viatu vya Omer, polepole, muji muzima ukiona. Akasimama bega kwa bega naye. Akanyoosha mikono.

"Unafanya nini?" Omer akanong'ona. "Mungu wangu, unafanya nini?"

"Nasimama na mukubwa wangu."

Filimbi ya mwisho ikalia. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waligeuka tu, wote pamoja, wakaanza kuja kwao wawili kutoka pembe zote za uwanja, bila haraka.