Ubeti wa Tatu

Kila siku akitoka shule, Felismina alivua sare, akapika uji, kisha akampelekea baba yake pamoja na dawa. Mzee Gaudensi alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Zamani alipiga gitaa katika bendi ya dansi mjini Mtwara. Sasa alilala mchana kutwa karibu na dirisha la nyumba yao ya Chikongola, na vidole vyake vilitetemeka.

Kitu kimoja tu alikuwa amemwomba binti yake: ajifunze wimbo aliotunga kuhusu safari ya zamani, yeye na mdogo wake walipokimbia vita Msumbiji. Wakivuka Mto Ruvuma kuja Kilambo, upande wa Tanzania, mdogo wake huyo alizama. Wimbo ulikuwa na beti tatu, na Mzee Gaudensi alitaka kuusikia wote.

Shuleni Felismina aliazimwa gitaa na pedali mbili, yaani visanduku vya kugeuza sauti vinavyokanyagwa kwa mguu. Kimoja kilitoa mwangwi. Cha pili kilichanganya sauti ya gitaa na mvumo wa kisanduku chenyewe, ikatoka sauti kama chuma kinachogongwa. Felismina alichagua hicho cha pili. Aliona kwamba akizungusha kitufe chake mpaka mwisho, hakuna anayeweza kujua kama amekosea. Wenzake walimpigia makofi, naye akaacha mazoezi.

"Wimbo umeuweza?" baba yake alimwuliza.

"Nimeuweza, baba. Nafanya mazoezi kila siku."

Mzee alifurahi. Jumamosi akamwita Mikaeli, mwenzake wa bendi, aje wasikilize pamoja. Mama yake Felismina, Mama Celia, naye hakwenda sokoni kuuza mihogo.

Felismina alikanyaga pedali, akaanza. Chumba kilijaa makelele ya chuma.

"Mwanangu, hii sauti gani?" Mikaeli aliuliza.

"Ndio mtindo wa siku hizi, baba mdogo."

"Zima hicho kisanduku," alisema baba yake.

Alikizima. Alipiga ubeti wa kwanza kwa kubabaisha. Katika ubeti wa pili vidole vilipotea kabisa, akaacha kupiga. Baba yake alikohoa kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani.

"Ubeti wa pili ni wa mdogo wangu," alisema. "Hapo ndipo maji yanamchukua. Ulitaka kumfunika kwa kelele."

Felismina alilia. "Nilikudanganya, baba. Sijui kuupiga. Sikufanya mazoezi."

Mzee aligeuka tena, akamtazama. Kisha akasema, "Keti hapa. Tuanze upya."

Tangu siku hiyo alimfundisha kila jioni, akimgongea mapigo kwenye ubao wa kitanda. Akichoka, Mikaeli aliendelea. Mikaeli ndiye aliyemwonyesha namna ya kutumia pedali ile. Alipunguza mchanganyiko hadi mvumo ukabaki mdogo, akaurekebisha polepole mpaka ukakubaliana na uzi wa gitaa.

"Iwashe pale maji yanapomchukua tu," alisema. "Noti moja, kisha zima."

Felismina alifanya hivyo. Noti ile ilitoka kwa uchungu, ikafifia. Baba yake alifumba macho, machozi yakamtiririka. "Hapo," alisema. "Hapo sasa namsikia."

Ubeti wa kwanza na wa pili alizisikia zikiwa sawasawa. Wa tatu hakuusikia. Alizidiwa ghafla, akapelekwa hospitali, na huko akafariki.

Baada ya kuondoa matanga, Felismina alishika gitaa mbele ya mama yake na Mikaeli. Alipiga beti zote tatu bila kukosea. Alipomaliza, aliweka gitaa chini.

"Nimeuweza sasa," alisema, "naye hayupo."

Mikaeli alitamani kumtuliza, lakini Mama Celia alimzuia kwa mkono.

"Sitakuficha, mwanangu," alisema mama. "Ungesema mapema kwamba hujui, baba yako alikuwa bado na nguvu. Angekufundisha wote. Kile kisanduku hakina kosa lolote, umeona mwenyewe kinavyofaa. Kosa lilikuwa kukitumia ili tusijue kwamba hujui. Asiyejua anafundishwa. Lakini anayejificha, nani atamfundisha?"

Felismina alifuta machozi. "Nimekuelewa, mama."

"Baba yako alikusamehe siku ileile uliposema kweli," alisema mama yake. "Haya, upige tena. Safari hii nitaimba."