Kichwa Kisichotobolewa

Alhamisi moja ya Machi 1997, saa tano asubuhi, kichwa cha udongo kiliomba maji mbele ya darasa zima.

Lilikuwa darasa la wanaoanza uchongaji, katika karakana ya Cirimwami, mkimbizi wa Bukavu aliyehamia mtaa wa Buyenzi. Wiki iliyotangulia aliwafundisha kichwa cha mtu: finyanga, kata utosi, komba udongo wa ndani, rudisha utosi, kisha toboa shingo ili hewa itoke wakati wa kuchoma. Wote walitoboa. Consolée alikataa.

Kichwa chake kilikuwa cha kaka yake, Fabrice, aliyepigwa risasi ya shingo mwaka uliopita. Picha zake ziliungua na nyumba yao ya Carama. Mama yao, Caritas, alitaka uso wa kuangalia.

"Toboa, motoni kitapasuka," Cirimwami alimwambia.

"Mwalimu, mi siwezi kumutoboa tena."

"Basi mufunike kitambaa cha maji asikauke," Mwanasiti alitania kutoka meza ya pili. "Changu ni kiazi, lakini kiko na tundu."

Consolée alikifunika. Karakana ikaanza kunuka kidonda. Kitambaa kilikauka kila kilipolowekwa. Kisha ile Alhamisi sauti ikatoka: "Dada, maji."

Cirimwami alimwita shehe Mohamadi. Shehe alisoma, akatega sikio kwenye shavu la udongo, akalitoa haraka.

"Huyu si ndugu yako," alinong'ona. "Ni jini. Mumemufungia ndani. Toboa leo. Udongo ukipasuka wenyewe, atatafuta mwili."

Consolée alichukua waya wa kutobolea. Ulipogusa shingo, kichwa kililia kwa sauti ya Fabrice, kikamwita mama, kikamwita tena, kikikoroma kama mtu anayezama katika damu yake mwenyewe, mpaka Mwanasiti akakimbilia nje, na Caritas, aliyekuwa amepata habari na kufika mlangoni, akaingia na kumpokonya binti yake waya.

"Muache mutoto wangu aongee!"

"Mama, si yeye."

"Nyamaza. Afazali ungekufa we."

Alikibeba kichwa hadi Kibenga, walikohamia baada ya moto. Jumamosi kilipasuka. Jioni hiyo Consolée alianza kuzungumza kwa sauti ya kiume. Majirani walimleta shehe. Caritas alifunga mlango. Kupitia ukuta walimsikia akimmwagia binti yake maji, akimwita Fabrice, akimbembeleza anywe, na ile sauti ikiomba mengine, na mengine, hadi ikakoma.

Consolée alizikwa wiki iliyofuata. Msalabani mama yake aliandikisha jina la Fabrice.